Kubadilisha Kioo cha Mlango wa Gari: Punje Kwanza, Kioo Baadaye

Mara ya kwanza nilipobadilisha kioo cha mlango, kukifunga kioo kipya kulinichukua dakika kama 20. Muda wote uliobaki, na ulikuwa mwingi, niliumalizia kwa kile cha zamani. Nilikuwa nimejiandaa kichwa chini miguu juu: nikiwaza boliti na umeme, kumbe boliti zilikuwa mbili tu. Kilichonitoa jasho ni punje za kioo, na nailoni moja chafu iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, ambayo niliidharau na ikanikomesha baadaye.

Kwa hiyo usishangae mwongozo huu ukikaa sana kwenye usafi na ukipita haraka kwenye kufunga. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Mtu mwenye subira na spana za kawaida anaiweza kwa nusu siku, na mara ya pili kwa nusu ya muda huo.

Usiguse swichi

Ukikuta kioo kimevunjika, kidole cha kwanza hukimbilia swichi, kujaribu kushusha kilichobaki. Kizuie. Punje zimeshaingia ndani ya mlango na kukaa kwenye reli na kwenye kamba za chuma zinazopandisha kioo. Ukibonyeza, mota inazisaga, na unaweza kugeuza kazi ya kioo kuwa kazi ya kioo na mashine yake.

Piga picha kabla hujafagia: mlango mzima, karibu, ndani ya gari, na chini palipomwagika punje. Kama ni wizi au ajali, polisi na watu wa bima watataka kuona hali ilivyokuwa, si gari lililokwisha kupanguswa.

Kisha ziba. Chukua karatasi ya nailoni nene, fungua mlango, ivute juu ya fremu ya dirisha mpaka iingie ndani, halafu funga mlango juu yake. Raba ya mlango itaibana yenyewe, na utahitaji tepu kwa chini tu. Tepu ya nguvu usiibandike moja kwa moja kwenye rangi ya gari ukaiacha juani siku mbili. Ikitoka huacha gundi, na kama mlango uliwahi kupigwa rangi upya inaweza kuondoka na rangi. Tanguliza tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kisha ile kali juu yake. Nailoni hii ni ya kuegesha gari na safari fupi ya lazima. Ukiendesha kwa kasi itajaa upepo kama tanga, itapiga kelele, na itakuficha kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma.

Kujua kioo unachotafuta

Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili za kioo zenye plastiki katikati, ndiyo maana kikipigwa hupata nyufa lakini hakimwagiki. Cha mlangoni kwa kawaida ni kipande kimoja kilichopashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapulizwa hewa ya baridi ghafla. Uso hupoa na kukaza kwanza, tumbo hupoa baadaye likiuvuta uso kwa ndani. Mvutano huo ndio unaokipa nguvu, na ndio unaokifanya kisambaratike chote kwa mpigo kikipata jeraha la kutosha. Matokeo yake mawili yanakuhusu. La kwanza: hakikatwi wala kutobolewa kikishatengenezwa, kwa hiyo usidanganywe kwamba kioo cha gari jingine "kitachongwa kidogo" kikae kwako. La pili: udhaifu wake uko ukingoni. Ukikigonga katikati kwa kiganja hakijali. Ukikigotesha pembe kwenye sakafu ya saruji unaweza kukiua palepale.

Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana vioo vya tabaka mbili hata milangoni, hasa milango ya mbele, kwa ajili ya ukimya na usalama. Utakijua kwa jinsi kilivyovunjika: kina nyufa kama utando wa buibui na bado kimesimama. Usinunue cha kipande kimoja kuweka mahali pa cha tabaka mbili, kwa sababu unene hutofautiana na vibano vya ndani navyo huweza kutofautiana.

Sasa tazama alama ndogo kwenye kona ya kioo kilichobaki kizima, cha mlango wa upande wa pili. Hapo kuna jina la mtengenezaji na aina ya kioo. Herufi E ndani ya duara pamoja na 43R humaanisha kimeidhinishwa kwa kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Namba iliyo kando ya E ni ya nchi iliyotoa idhini, kwa mfano 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 11 ni Uingereza. Kwenye vioo vya soko la Marekani utakuta maandishi DOT, na AS2 kwa vioo vingi vya mlango. Ukikuta V ya Kirumi karibu na 43R, hicho ni kioo cheusi kinachopitisha chini ya asilimia 70 ya mwanga. Huo weusi umo ndani ya kioo, si karatasi ya tinti iliyobandikwa. Mimi hutumia alama hizi hata nikienda kukagua gari la mtu la kununua: vioo vitano vya mtengenezaji mmoja na kimoja cha mwingine ni swali la kumuuliza muuzaji.

Unapoagiza, taja modeli, mwaka, idadi ya milango, na namba ya chasisi. Namba hiyo kwa kawaida ina tarakimu na herufi 17, na ikiwa hivyo haina kabisa herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona kitu kinachofanana na O andika sifuri. Kisha taja upande, na hapa ndipo watu wengi huumia. Kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa umekaa ndani ya gari unatazama mbele. Si "upande wa dereva", kwa sababu usukani hubadilika kutoka gari hadi gari. Kioo cha kushoto hakigeuziki kuwa cha kulia. Kina mbinuko, na ukikigeuza tumbo linaangalia ndani.

Kioo kilichotumika kutoka gari bovu hakina ubaya wowote. Mkiwa bado na muuzaji, pitisha kidole chenye glavu ukingoni kote. Palipomeguka hata kama punje ya mchele, kiache. Angalia mikwaruzo ya wima iliyoachwa na mchanga kwenye raba. Hesabu matundu ya chini na ulinganishe na picha ya kioo cha modeli yako. Na kama vishikio vya plastiki vya chini bado vimeganda kwenye kioo hicho, vichukue nacho, huenda vyako vimepasuka.

Kabla hujalipa, jiulize kama kazi hii ni yako. Milango isiyo na fremu juu, ile ambayo kioo kikishuka hakuna chuma kinachobaki, inahitaji kupimwa pembe na kina kwa skrubu za marekebisho, na ukikosea nusu sentimita upepo utapiga mluzi. Vioo vidogo vya pembeni visivyoshuka, vilivyogandishwa kwa gundi, ni kazi nyingine kabisa. Hizo mimi humpelekea fundi vioo bila aibu.

Zana

Bisibisi ya nyota na bapa. Boksi spana namba 10, ambayo ndiyo itakayofanya kazi kubwa, na namba 8 ya akiba. Bisibisi zenye ncha ya nyota ya pembe sita, zile wanazoita toksi, hasa saizi ya 20 hadi 30. Kibanzi cha plastiki cha kuchomolea paneli. Usipokuwa nacho, bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu itafaa. Tepu ya karatasi. Klipu za paneli za akiba, kama tano au sita, kwa sababu zitakatika. Silikoni ya kupulizia. Mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo mwembamba. Glavu nene, miwani ya kukinga macho, na viatu vilivyofunika vidole.

Miwani si mapambo. Kuna wakati utakuwa umelala ubavu ukichungulia ndani ya mlango kwa tochi, na punje iliyoning'inia kwenye raba itachagua wakati huo huo kudondoka.

Punje

Anza na vipande vilivyobaki kwenye fremu. Bandika tepu juu yake, kisha vitoe kimoja kimoja ukivivuta kuelekea nje, si ndani ya gari. Tandika shuka kuukuu kwenye kiti na jingine chini, nje ya mlango. Shuka la nje litakuokoa, maana punje zikishaingia kwenye changarawe hazitoki, na matairi yanayofuata ni yako.

Fyonza kutoka juu kwenda chini: dashibodi na matundu ya hewa, kiti, maungio ya kiti, reli za kiti, chini ya zulia la miguu. Kisogeze kiti mbele kabisa ufyonze, kisha nyuma kabisa ufyonze tena. Usipanguse kiti cha kitambaa kwa mkono, unazishindilia ndani. Bonyeza mto kwa kiganja chenye glavu huku mdomo wa mashine ukiwa kando, zitaruka zenyewe. Kama kulikuwa na kiti cha mtoto ndani, vua kitambaa chake chote uking'ute na kukagua kila mshono. Hapo sitaki mtu awe na haraka.

Usitegemee kumaliza leo. Lengo la sasa ni kuweza kufanya kazi bila kujikata. Zilizo ndani ya mlango zinangoja paneli itoke.

Kutoa paneli

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, soma mlango. Ukiona maandishi SRS au AIRBAG kwenye paneli yenyewe, mlango una mfuko wa hewa. Zima gari, vua terminali ya hasi ya betri, na usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Mimi hukaa robo saa hata pale kitabu kinapotaja dakika chache. Magari mengine redio hudai namba ya siri baada ya betri kuvuliwa, kwa hiyo itafute kwanza. Baadaye utahitaji umeme kidogo wa kusogeza mashine ya kioo. Kwenye mlango wa aina hii, kila unapotaka kurudisha betri, hakikisha plagi ya mfuko imerudi mahali pake. Kila unapotaka kuichomoa, betri itangulie kutoka na usubiri tena. Ukiwasha gari plagi hiyo ikiwa nje, taa ya onyo itawaka na haitazimika mpaka kompyuta ya gari ifutwe kosa.

Skrubu za paneli hufichwa kwa makusudi. Zitafute nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki ndani ya kishikio cha kuvutia mlango, nyuma ya kitasa cha ndani, chini ya swichi za vioo, kwenye ile pembe tatu ya plastiki iliyo nyuma ya kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma, na wakati mwingine kwenye ukingo wa mlango, mahali panapoonekana ukiwa umeufungua tu. Zipange juu ya kadibodi kwa mfano wa mlango, kila moja ikichomekwa mahali ilipotoka. Ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kufika kwenye waya.

Kama kioo chako ni cha kuzungusha kwa mkono, hendeli yake imeshikwa kwa pini ya waya yenye umbo la kiatu cha farasi, kwa nyuma, usipopaona. Usiilazimishe. Pitisha utepe wa kitambaa kati ya hendeli na paneli, ushike ncha zote mbili, usugue kushoto kulia kama anayeng'arisha viatu, huku ukivuta kidogo. Kitambaa kitanasa pini na kuitoa. Weka kiganja karibu, maana hiyo pini inaruka, na kuitafuta kati ya punje za kioo ni adhabu.

Skrubu zikiisha, ingiza kibanzi kwenye kona ya chini ya paneli na uivute kwako. Klipu ya kwanza italia *ta!* utadhani umevunja kitu. Ni sauti yake ya kawaida. Fuata ukingo, klipu moja baada ya nyingine, mkono ukiwa karibu kabisa na kila klipu. Ukivuta ukiwa mbali, klipu inabaki mlangoni na tundu lake la kwenye paneli linachanika. Zikitoka zote, paneli itabaki imening'inia kwa juu, kwenye mdomo wa dirisha. Iinue wima. Usiivute kwa kishindo kwa sababu nyuma yake kuna kamba ya kitasa, plagi ya swichi, na pengine waya wa taa na wa spika. Iegemeze kwenye goti, chomoa kimoja kimoja kwa kubonyeza ulimi wa plagi, na piga picha kabla ya kila kimoja.

Nailoni yenye gundi nyeusi

Paneli ikishatoka utakutana na karatasi ya nailoni, au sponji nyembamba, iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Ile niliyoidharau ndiyo hii. Niliona imechakaa na ina vumbi, nikaivuta kwa mkono mmoja, ikachanika vipande vitatu, nikaitupa. Niliamini ni mabaki ya kiwandani. Baada ya mvua ya kwanza zulia lilikuwa limelowa, na gari likawa na harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Nikalaumu raba ya kioo kipya. Nikaipaka silikoni, nikaibana, nikaibadilisha. Zulia likaendelea kulowa.

Maji huingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha. Yanateleza juu ya kioo, yanapita kwenye raba, yanashuka ndani ya bati na kutokea matundu ya chini. Hilo ni la kawaida na mlango umeundwa hivyo. Nailoni ndiyo ukuta unaoyazuia yasigeukie ndani ya gari. Kwenye magari mengine kuna hata kihisi cha ajali kinachopima mabadiliko ya ghafla ya hewa ndani ya mlango, na hicho nacho kinategemea mlango uliozibwa vizuri.

Kwa hiyo itoe polepole. Kata gundi kwa wembe au kisu chembamba ukienda sambamba na bati, huku mkono mwingine ukivuta taratibu. Gundi iliyoganda kwa baridi ilainishe kwa kikausha nywele. Huna haja ya kuitoa yote. Ifungue mpaka uone matundu ya kazi, uikunje kando na kuishika kwa tepu. Gundi isiguswe kwa vidole vyenye vumbi, nayo itabandika tena. Ikiwa imechanika, ziba kwa nailoni nyingine na tepu isiyopitisha maji. Iliyopotea kabisa unaweza kuikata upya kutoka nailoni nene, ukitumia alama ya gundi iliyobaki kwenye bati kama kipimo.

Ndani ya mlango

Sasa fyonza kwelikweli. Punje nyingi zimelala chini kabisa, na nyingine zimekaa juu ya mota, kwenye reli na ndani ya mifereji ya raba ya mbele na nyuma ya dirisha. Ingiza mdomo mwembamba kila tundu. Funga na ufungue mlango mara kadhaa kwa nguvu kidogo, sikiliza, fyonza tena. Kisha tafuta matundu ya kutolea maji kwenye ukingo wa chini wa mlango na uyazibue kwa waya laini au kijiti. Punje mbili zinatosha kuziba tundu, na mlango unaotunza maji huoza kutoka ndani bila kukuambia.

Ukiridhika, rudisha plagi ya swichi kwa muda na usogeze mashine ya kioo kidogo kidogo. Mafundi wengine huiita regyuleta. Ipo ya mikono inayokunjuka kama mkasi, na ipo ya kamba za chuma zinazozunguka kwenye magurudumu ya plastiki. Ya kamba ichunguze kwa tochi: kamba iliyoanza kufumuka nyuzi itakatika, na kama ni hivyo ibadilishe leo leo maana mlango uko wazi. Sogeza mpaka vishikio vya kioo vionekane kwenye matundu ya bati. Hapo simamisha, chomoa plagi, na usiweke mkono ndani umeme ukiwa umeunganishwa.

Kioo hushikwa kwa namna chache. Boliti zinazopita kwenye matundu ya kioo zikiwa na washa za plastiki; vibano vinavyokazwa kwa boliti pande zote mbili; plastiki zinazojifunga zenyewe kwa kubonyeza; au mfereji wa chuma uliogandishwa kwa gundi chini ya kioo, ambao ni wa magari ya zamani zaidi. Toa mabaki yote ya kioo cha zamani kwenye vishikio. Punje moja iliyobaki kwenye kibano, ukikaza, itaubonyeza ukingo wa kioo kipya, na hapo utaanza mwongozo huu upya. Washa za plastiki na mipira ni lazima virudi. Chuma kisiguse kioo mahali popote.

Kioo kipya

Itafute mikono mingine miwili. Mimi huwa namwita mdogo wangu, na kazi yake ni moja: kushika kioo kwa juu na kutokiachia hata simu ikilia.

Raba za kwenye mdomo wa dirisha, ya ndani na ya nje, zikibana sana zichomoe kwanza. Nyingi hutoka kwa kuvutwa juu. Pulizia silikoni kwenye mifereji ya raba, siyo oili wala grisi, kwa sababu hizo huivimbisha raba na kushika mchanga. Zungushia tepu ya karatasi kwenye midomo ya bati ambako kioo kinaweza kugonga.

Kioo hakiingii kikiwa kimenyooka. Kwenye milango mingi ya mbele kinatangulizwa kona ya mbele, kimeinama kama mtumbwi unaozama pua, kisha kinageuzwa taratibu ndani ya mlango mpaka ukingo wa nyuma uingie kwenye mfereji wake. Kwenye milango ya nyuma mara nyingi kuna nguzo nyembamba inayogawa dirisha na kile kioo kidogo kisichoshuka. Legeza boliti zake na uisogeze, la sivyo utahangaika bure. Kikigoma, kirudishe juu, badili pembe, jaribu tena. Usikisukume hata mara moja. Ukisikia kimeteleza kwa ulaini kwenye raba zote mbili, hapo umekipata.

Kishushe mpaka kikae kwenye vishikio. Weka boliti kwa vidole tu, zishike bila kukaza. Halafu, na hii ndiyo siri pekee ya hatua hii: kipandishe kioo mpaka juu kabisa, kiingie kwenye mfereji wa fremu, na ndipo ukaze. Kikiwa juu, fremu yenyewe inakinyoosha. Ukikikaza kikiwa chini kitapanda upande, kitachubua raba na kuilemea mota. Kama boliti hazifikiki kikiwa juu, kipandishe, kibane kwa tepu ili kisiyumbe, kishushe mpaka zionekane na ukaze bila kukigeuza. Usikaze kwa hasira: boliti ikishashika, robo mzunguko inatosha.

Tepu tatu au nne zinazotoka kwenye kioo, kupita juu ya fremu mpaka upande wa pili, zitakishikilia ukihitaji kuacha kazi katikati.

Jaribu kabla ya kufunika

Pandisha na ushushe mara tano au sita paneli ikiwa bado nje. Sikiliza. Mkwaruzo mwembamba ni punje kwenye raba, shusha ufyonze. Mlio wa kugonga ni kioo kilicholegea. Kikipanda polepole upande mmoja, legeza, nyoosha, kaza tena. Funga mlango kwa nguvu ya kawaida kioo kikiwa juu, kisha kikiwa nusu.

Bandika nailoni sasa, ukiibonyeza gundi kwa vidole mzunguko mzima, na upitishe nyaya na kamba mahali pake. Mwagia maji kwa juu bila presha kubwa. Kwa ndani nailoni ibaki kavu upande wako, na chini ya mlango maji yatoke kwenye matundu. Yasipotoka, rudi ukazibue.

Kurudisha paneli ni kinyume cha kuitoa: plagi na kamba kwanza, jaribu kitasa cha ndani mlango ukiwa wazi, ning'iniza paneli kwa juu, gonga klipu kwa kiganja, skrubu mwisho. Kitasa kisipojaribiwa mapema unaweza kujifungia mlango usiofunguka kwa ndani, na ilinitokea.

Kwa vioo vinavyopanda vyenyewe kwa mguso mmoja, kompyuta huenda imesahau mwisho wa kioo uko wapi. Kwenye magari mengi unashusha mpaka chini, kisha unapandisha ukishikilia swichi na kuendelea kuishikilia sekunde kadhaa baada ya kioo kufika juu. Utaratibu kamili uko kwenye kitabu cha gari. Mpaka hilo lifanyike, ule ulinzi unaorudisha kioo kikikuta mkono huenda haufanyi kazi. Watoto wakae mbali na swichi.

Kama utabandika tinti, ngoja siku chache ili punje za mwisho zijitokeze, kwani moja tu kwenye raba itaichana karatasi mpya kutoka juu hadi chini. Baada ya wiki moja ya kuendesha, fyonza tena gari lote, hata upande ambao haukuvunjika. Punje yangu ya mwisho niliiokota miezi kadhaa baadaye, ndani ya tundu la kufungia mkanda wa kiti cha nyuma, upande wa pili wa gari.